Je, wajua kwa nini mtoto wa mgongoni huujua mdundo kabla ya kuongea?

Mtoto wetu wa kwanza alipokaribia kuzaliwa, hapa Dodoma, kila usiku niliweka simu karibu na tumbo la mke wangu na kufungulia piano ya Mozart. Nilikuwa nimeambiwa kwenye semina ya wazazi kwamba muziki wa namna hiyo huongeza akili ya mtoto, na nikaamini. Nilikosea. Kwa kuwa mpaka leo kuna wazazi wanaoambiwa maneno hayohayo, na wengine wanauziwa flashi zilizojazwa muziki huo, acha nianze na kosa lenyewe.

Habari hii ilianza mwaka 1993, pale Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walipochapisha makala fupi kwenye jarida la Nature. Hawakumpima mtoto hata mmoja. Waliowapima ni wanafunzi 36 wa chuo. Kwa dakika 10 walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili, au maelekezo ya kutuliza mwili, au walikaa kimya tu. Kisha wakapewa maswali ya maumbo: unaoneshwa karatasi iliyokunjwa na kukatwa, nawe unabaini itakuwaje ikikunjuliwa. Baada ya Mozart walipata alama ambazo, zikigeuzwa kuwa za kipimo cha akili, zilizidi kwa 8 hadi 9. Lakini faida hiyo ilidumu dakika 10 hadi 15. Uji wa moto unaweza kuwa haujapoa vizuri.

Makala haikudai kwamba watu wale wamekuwa na akili zaidi maishani, wala haikutaja mimba. Hayo yaliongezwa njiani. Kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, alikuwa ameomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekewe muziki huo nyumbani. Wanafunzi 36 na maswali ya karatasi walikuwa wamegeuka sera ya watoto wachanga ndani ya miaka mitano.

Watafiti wengine waliporudia jaribio, wengi hawakuona kitu. Mwaka 1999 Kristin Nantais na Glenn Schellenberg waliwapa watu Mozart au hadithi ya kusimuliwa. Waliopenda hadithi walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi, na waliopenda muziki wakafanya vizuri zaidi baada ya muziki. Hapo ndipo nilipoelewa. Kilichowasaidia watu kilikuwa kuchangamka. Mtu aliyechangamka hujibu maswali vizuri kwa muda kidogo, iwe amechangamshwa na piano, hadithi au habari njema. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walikusanya tafiti zipatazo 40 zenye watu wapatao 3,000, wakahitimisha kwamba Mozart hana uwezo wa pekee.

Utaniuliza: sawa, kusikiliza tu hakutoshi, je, kufundishwa? Hapa ushahidi una mvutano. Mwaka 2004 Schellenberg aliwagawa kwa bahati nasibu watoto 144 wa miaka sita huko Toronto: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine wakasubiri. Baada ya mwaka, waliojifunza muziki walikuwa wamepanda kwa takriban alama 2.7 zaidi ya wenzao kwenye kipimo cha akili. Ni kidogo, lakini kipo. Halafu mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet wakakusanya tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000. Pale ambapo waliojifunza muziki walilinganishwa na watoto waliopewa shughuli nyingine, na si watoto walioachwa tu, tofauti ilikaribia sifuri. Mimi nawaamini zaidi hawa wa mwisho. Anayekuahidi kwamba masomo ya muziki yatapandisha hesabu za mwanao anakuuzia asichokuwa nacho.

Hata hivyo kuna jambo ambalo muziki huufanyia mwili wa mtoto waziwazi, na nililiona kabla sijalisoma.

Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yangu, Chamwino. Mtoto alipofikisha miezi saba hivi alikuwa halali mchana. Siku moja mama alimfunga mgongoni kwa mbeleko, akashika mchi na kuanza kutwanga uwele. Shangazi akaja upande wa pili wa kinu na mchi wake, wakawa wanapokezana: huyu anainua, yule anashusha. Kila mchi wa mama uliposhuka, kichwa cha mtoto kilishuka nao. Mchi wa shangazi ulipotua, kichwa kilitulia. Masikio yalipata mapigo yote. Mwili ulipata nusu yake.

Mwaka 2005 Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio ambalo kwangu ni kinu hichohicho kilichohamishiwa maabara. Watoto wa miezi saba walisikilizishwa kwa dakika mbili mapigo yasiyo na mkazo popote. Mapigo ya namna hiyo ni kama mstari wa mawe yanayofanana: unaweza kuyahesabu mawilimawili au matatumatatu, na hutakosea. Nusu ya watoto walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, nusu kila pigo la tatu. Sauti ni ileile kwa wote. Baadaye watoto wakapewa kuchagua, kwa kugeuza kichwa, kati ya mapigo yenye mkazo wa mbilimbili na yenye mkazo wa tatutatu. Kila kundi lilisikiliza kwa muda mrefu zaidi ule mpangilio liliorushwa nao. Mwili ulikuwa umeliambia sikio ni jiwe lipi la kuanza kuhesabia.

Wakajaribu kuwafunika watoto macho: matokeo yaleyale. Wakajaribu kuwaacha wamtazame tu mtu mzima akirukaruka: hakuna kitu. Lazima mtoto mwenyewe asogezwe. Ndani ya sikio, jirani kabisa na sehemu inayopokea sauti, kuna kiungo cha mizani kinachohisi kupanda na kushuka. Mwaka 2009 Trainor na wenzake walionesha kwamba kwa watu wazima, kuuchokoza mshipa wa kiungo hicho kwa umeme mdogo, bila mtu kusogea, kunabadilisha namna anavyopanga mapigo anayoyasikia.

Jaribio la watoto lilipima mpangilio gani wanaupendelea, si akili wala alama za darasani, na sitaki kulivuta zaidi ya hapo. Lakini mapigo si jambo la pembeni kwa mtoto anayejifunza lugha. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MA-ji, ba-RI-di, wa-na-TWA-nga. Sikio linalojua kupanga mapigo lina pa kushika kwenye maneno. Na mwaka 2014 Nina Kraus na wenzake walionesha, kwa watoto wa mradi wa muziki wa bure Los Angeles, kwamba baada ya miaka miwili ya mazoezi ubongo wao ulitofautisha zaidi silabi zinazokaribiana kama "ba" na "ga". Mwaka mmoja haukutosha.

Huku kwetu Ugogoni, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na mtoto hukua akiwa karibu na mapigo yenye tabaka nyingi bila mtu kuita hilo somo. Sisemi kwamba mama alikuwa akimfundisha mjukuu. Alikuwa na uwele wa kutwanga na mtoto asiyelala.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 2014, la Laura Cirelli akiwa na Trainor. Watoto wa miezi 14 walibebwa na kuchezeshwa kwa muziki wakitazamana na mtafiti. Kwa wengine mtafiti alicheza sawia nao, kwa wengine hakwenda nao. Kisha mtafiti akawa anadondosha vitu, kama kwa bahati mbaya. Waliochezeshwa sawia naye walimwokotea na kumrudishia mara nyingi zaidi.