Majimoto wa Minazini: Jenasi ya Oecophylla na Hariri ya Mabuu Wake

Kazi yangu ni uchunguzi wa wadudu, na hapa Malindi swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wenye mashamba, hasa wa upande wa Gede na Msabaha, ni iwapo majimoto, sisimizi waliojaa minazini na miembeni, wapigwe dawa au waachwe. Nasema waachwe, na sababu zangu zinatokana na maumbile ya mdudu mwenyewe.

Majimoto wa pwani yetu ni Oecophylla longinoda, spishi iliyoelezwa na mtaalamu wa wadudu Latreille mwaka 1802. Jenasi yenyewe, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, ilianzishwa na mtaalamu mwenzake Frederick Smith mwaka 1860, nayo imewekwa katika nusufamilia ya Formicinae, katika kabila (ngazi ya uainishaji iliyo kati ya nusufamilia na jenasi) ambalo halina jenasi nyingine iliyo hai. Spishi hai ni mbili tu: huyu wetu, aliyeenea Afrika kusini mwa Sahara, na Oecophylla smaragdina wa India, Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Zilizotoweka ni nyingi zaidi, na mojawapo, Oecophylla leakeyi, ilipatikana papa hapa Kenya, katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria. Kisukuku hicho, yaani masalia yake yaliyogeuka jiwe, nakithamini kuliko vingine vyote vya jenasi hii, kwa kuwa kimehifadhi sehemu ya kundi pamoja na pupa wake (wadudu walio katika hatua ya kugeuka kutoka buu kuwa mdudu kamili), nacho kinaonyesha kwamba tangu enzi ya Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, wafanyakazi walikwisha kugawanyika kuwa wakubwa na wadogo.

Maisha yote ya majimoto yameshikiliwa na hariri. Mabuu wa sisimizi wengi wa nusufamilia hii hujisokotea kifuko kabla ya kuwa pupa, lakini buu wa majimoto hajifunikii chochote. Hariri yake huenda kwenye kiota. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani wakalivuta kwa taya, na pengo likiwa pana hushikana viuno, mmoja nyuma ya mwenzake, hadi jani lisogee. Hapo wengine huleta mabuu wakiwa wamewabana kwa taya, wakawagusisha kwenye ukingo mmoja kisha wa pili, huku na huku, mpaka majani yakaunganishwa kwa utando mweupe.

Kwa kuwa hawahitaji udongo, kundi moja lenye malkia mmoja huweza kutandaza viota vingi katika miti kadhaa, na wafanyakazi wake wakafikia laki tano. Wadogo hubaki ndani wakilea. Wakubwa huwinda na kulinda mipaka. Hawana mwiba, ila huuma na kumwagia jeraha asidi ya fomiki, jambo ambalo kila mgema analijua vyema.

Ulinzi huo ndio faida ya mkulima. Mdudu mfyonzaji aitwaye Pseudotheraptus wayi hutoboa vidaka, navyo hudondoka kabla ya kukomaa. Mtaalamu wa wadudu Michael Way, aliyefanya utafiti Zanzibar katika miaka ya 1950, alionyesha kwamba minazi inayokaliwa na majimoto hulindwa dhidi yake. Mikorosho nayo hupata kinga ya namna hiyo, na nzi wa matunda huepuka kutaga mayai katika maembe yaliyopitwa na majimoto. Ni kweli kwamba majimoto huwafuga wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, ili wapate majimaji yao matamu, na kwamba huwasumbua wachumaji, lakini kwa maoni yangu hasara hiyo ni ndogo kuliko nazi zinazopotea wasipokuwapo.

Mpinzani wao mkubwa ni Pheidole megacephala, sisimizi wa ardhini mwenye askari wa vichwa vikubwa, ambaye hupanda shinani akawafukuza bila kuulinda mnazi kama wao. Ardhi ikipaliliwa ikabaki tupu, sisimizi huyo huzidi kupanda juu; magugu yakiachwa, hupata makao chini, na majimoto hubaki makutini. Kwa hiyo ninapoombwa ushauri, huanza na palizi: chini ya minazi, magugu yafyekwe tu, yasing'olewe yote.