Muuza vitabu hapati nusu ya bei

Wateja wengi Nairobi huamini kwamba duka dogo la Moi Avenue likikuuzia kitabu cha sheria kwa shilingi 5,000, nusu ni faida. Sivyo. Riwaya yaweza kupata punguzo la asilimia 40 kutoka kwa mchapishaji; kitabu cha kitaalamu mara nyingi hupewa 20 tu, maana wanunuzi wake ni wachache. Mwenye duka hubaki na 1,000, na bado hajalipa kodi ya chumba wala boda aliyeleta katoni.

La kuumiza zaidi, mara nyingi hununua bila ruhusa ya kurudisha. Toleo jipya likitoka, nakala tatu zilizobaki kwenye rafu, plastiki haijachanwa, ni hasara yake. Ndiyo maana anakuomba arubuni kabla ya kuagiza. Si kwamba anakushuku, mtaji wake ndio mdogo.