Mradi wa Ubia Ukila Hasara, Nani Analipa?

Gati tatu za kwanza za Bandari ya Lamu, pale Kililana, zilijengwa kwa pesa za serikali. Wengi wa miji ya Amu (yaani Lamu mjini), Mokowe na Hindi huiita bandari ya Wachina kwa sababu mkandarasi alikuwa China Communications Construction Company. Lakini mkandarasi hujenga, akalipwa, akaenda zake. Mwekezaji wa ubia, yaani kampuni binafsi inayojenga mradi wa umma kwa pesa zake, haendi. Hubaki miaka ishirini, ishirini na tano, hata thelathini, akiendesha alichokijenga na kujirudishia pesa zake pamoja na faida. Mpango wa LAPSSET, yaani wa bandari na njia za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa hapa Lamu Machi 2012, una gati zaidi ya ishirini. Ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na zilizobaki baada ya hizo tatu zinatarajiwa kujengwa na sekta binafsi. Kwa hivyo ubia ni jambo litakalogonga milango ya watu wa kaunti hii, wautake wasiutake, na ni vizuri wajue mapema nani hufanya nini.

Mikataba hii nchini Kenya inasimamiwa na Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2013. Sheria hiyo imeunda Kurugenzi ya Ubia chini ya Hazina Kuu, ikiongozwa na Mkurugenzi Mkuu, na juu yake ipo Kamati ya Ubia ambayo mwenyekiti wake ni Katibu wa Wizara wa Hazina. Kamati ndiyo inayoidhinisha. Kurugenzi ndiyo inayofanya kazi ya mikono: kuchambua, kushauri, kukaa upande wa serikali wakati wa mazungumzo. Mwenye mradi si Kurugenzi. Ni wizara, shirika la serikali au kaunti inayohitaji hiyo barabara au hicho kituo cha maji, na ndiyo itakayotia saini.

Watu wengi, wakiwemo maafisa wa kaunti, hudhani kazi ya Kurugenzi ni kutafuta wawekezaji. Hapana. Wawekezaji hujileta wenyewe, tena na mabuku yenye picha za kupendeza. Kazi kubwa ni kuuliza kama mradi unafaa kuwa wa ubia hata kidogo, na kama unafaa, kila hatari iliyomo ibebwe na nani. Mwenye jahazi na mabaharia wake hukubaliana mgao kabla ya kutweka tanga, wakijua nani atagharamia wavu ukichanika. Mkataba wa ubia nao hauna zaidi ya hayo, ila una kurasa mia kadhaa na mawakili wa pande zote mbili.

Hatari ninayoisema si tufani wala wizi. Ni mambo ya kawaida. Ujenzi ukichelewa? Shilingi ikishuka? Watumiaji wakiwa wachache kuliko waliokadiriwa? Kila swali lazima liwe na jina la mtu mbele yake, na kanuni ni kwamba hatari abebeshwe yule anayeweza kuidhibiti. Mwekezaji anaweza kudhibiti kasi ya mafundi wake. Hawezi kudhibiti kibali cha ardhi. Kanuni ni nyepesi kuisema, lakini tazameni ilivyotushinda.

Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Kampuni binafsi iliahidi kuisimamisha mitambo, na serikali ikaahidi kujenga njia ya umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ili umeme ufike kwenye gridi. Mitambo ikawa tayari mwaka 2017. Njia ya umeme haikuwa tayari: kulikuwa na shida za ardhi, na mkandarasi wa Hispania aliyepewa kazi akafilisika katikati ya safari. Umeme ulianza kupita Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba ulisema ucheleweshaji wa njia ni hatari ya serikali, Kenya ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Upande wa kampuni haukufanya kosa lolote. Ulisoma mkataba, ukadai haki yake.

Mfano wa pili unahusu shilingi. Barabara ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation kwa pesa zake, na kampuni tanzu yake inakusanya ada kwa miaka 27. Ilipofunguliwa mwaka 2022, gari dogo lililipa kati ya shilingi 120 na 360 kulingana na umbali. Januari 2024 ada zikapanda hadi kati ya shilingi 170 na 500, sababu kuu ikiwa kudhoofika kwa shilingi mbele ya dola, kwa maana mikopo ya ujenzi ilikuwa ya kigeni. Hatari ya shilingi hapo alibebeshwa dereva. Mimi sioni ubaya wa hilo kwa barabara ile, kwa sababu asiyetaka kulipa anayo ya chini ya bure. Kwa maji ya kunywa nisingekubali.

Maji basi, maana Amu bila ya maji hakuna la kuzungumza. Mji wa kale unategemea visima vya mchanga wa Shela, na kila anayeishi hapo anajua visima hivyo vina kikomo. Vikivutwa sana, chumvi huingia. Mapendekezo ya kusafisha maji ya bahari yanavutia sana mahali kama hapa. Tuchukue mradi wa mfano tu, ambao haupo, tuupitishe mikononi mwa Kurugenzi tuone unavyopekuliwa.

Tuseme mwekezaji ameiandikia kaunti kwamba atajenga mtambo wa kutoa mita za ujazo 2,000 za maji kwa siku, na auze kila mita ya ujazo kwa shilingi 150. Kaunti haitoi hata senti kwa ujenzi. Inachotakiwa ni kuahidi kununua angalau mita 1,500 kila siku kwa miaka 25, yatumike yasitumike. Mtu wa kawaida akisikia hivyo hufurahi: mtambo wa bure!

Wachambuzi huanzia kwenye ile ahadi ya mita 1,500. Je, mji unanunua kiasi gani kweli, si kwa makisio bali kwa bili zilizolipwa? Tuseme wateja wanalipia mita 1,000. Pengo la mita 500 kwa shilingi 150 ni shilingi 75,000 kwa siku, yaani zaidi ya milioni 27 kwa mwaka, zinazolipwa kwa maji ambayo hayakunywewa. Pesa hizo zitatoka kwenye bajeti ya kaunti, mahali ambapo pia panatoka dawa za zahanati na mishahara ya walimu wa chekechea. Na haziandikwi popote kama deni siku ya kutia saini, kwa sababu hakuna mkopo uliochukuliwa. Ndiyo maana Hazina hutaka ahadi za namna hii ziorodheshwe na kupimwa kabla ya idhini, hata kama huenda zisidaiwe kamwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye huja swali la mabomba. Mtambo ni wa mwekezaji, lakini mabomba ya mtaani ni ya umma, mengine yamezikwa chini ya vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani. Maji yakivuja baada ya kutoka kwenye kipimo cha maji cha mtambo, hasara ni ya nani? Kwa mkataba wa mfano wetu, ni ya kaunti. Hapo ndipo ninapoiona Turkana ikirudi: upande binafsi umemaliza kazi yake safi, upande wa umma haujatengeneza njia ya kufikisha mali kwa mtu. Mshauri mzuri angeiambia kaunti, ama mwekezaji achukue na mabomba, ama ahadi ya ununuzi ianze ndogo na ikue kadiri mabomba yanavyokarabatiwa.

Umeme nao. Mitambo ya kutoa chumvi hula umeme mwingi. Lamu ilitolewa kwenye majenereta ya dizeli na kuunganishwa na gridi kwa njia ya Rabai, Malindi, Garsen hadi hapa. Gridi ikizimika siku mbili, mwekezaji atadai malipo? Bei ya umeme ikipanda, bei ya maji nayo ipande? Kwa kiasi gani, na nani anaidhinisha? Maswali haya yakijibiwa mezani, ile bei ya shilingi 150 haibaki ilivyokuwa.

Zipo hatua nyingine ambazo nitazipita haraka. Upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unawezekana na unafaa, hufanywa na mwenye mradi na kupelekwa kwa Kurugenzi, kisha kwa Kamati. Pakiwa na haja ya wataalamu wa kulipwa, sheria imeweka mfuko wa kusaidia matayarisho ya miradi. Halafu ni zabuni. Ushindani wa wazi ndio unaopendekezwa, ingawa sheria inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja kwa masharti, na inaruhusu pia pendekezo lililoanzishwa na kampuni yenyewe.

Hilo la mwisho linahitaji jicho kali. Pendekezo la kampuni huja likiwa na majibu kabla ya maswali, na serikali hujikuta inakagua badala ya kupanga. Mwaka 2024 Wakenya waligundua kupitia mitandaoni kwamba kampuni ya Adani ya India ilikuwa imependekeza kuupanua na kuuendesha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Kelele zikawa kubwa, wafanyakazi wa uwanja wakagoma, kesi zikaenda mahakamani, na Novemba mwaka huo Rais akatangaza kuufuta mchakato. Unaweza kuutetea au kuupinga mradi wenyewe. Lakini usiri ule ulitosha kuuzamisha.

Lamu ilikwisha yaona hayo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi, wenye megawati 1,050, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huo ulikuwa mradi wa kampuni binafsi ya kuiuzia nchi umeme, na miaka ya matayarisho ikaenda na maji. Mabenki huyasoma haya. Mradi usioelezwa kwa wenyeji siku hizi huhesabiwa kuwa na hatari zaidi, na hatari zaidi ni riba zaidi.

Katika baraza moja mzee wa makamo aliniuliza, "Mwanangu, kuja kwetu kusikiliza mwaja siku ya kutia saini tu?" Swali lake lilikuwa la haki. Wakati wa kusema ni upembuzi unapofanywa, kwa sababu hapo ndipo mgao wa hatari unapoandikwa. Zabuni ikishatangazwa, kugeuza jambo moja ni kuwavuruga waliokwisha piga hesabu zao. Na mkataba ukishasainiwa, kila badiliko lina bei.

Kwa hivyo ukisikia kaunti ina mradi wa ubia, usisubiri kualikwa. Muulize mwakilishi wadi wako kama umefika bunge la kaunti, kwa sababu mradi wa kaunti haupiti bila bunge hilo. Kama hujibiwi, andika barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 za kujibu. Usiombe "taarifa kuhusu mradi". Utapewa kijikaratasi cha rangi. Omba kiwango cha chini ambacho kaunti imeahidi kununua, sarafu ya malipo, kanuni ya kupandisha bei, na fidia ambayo mwekezaji atalipwa mkataba ukivunjwa mapema. Mkataba ukisainiwa, sheria inataka maelezo yake makuu yatangazwe hadharani. Mzabuni anayeona ameonewa naye ana kamati ya kusikiliza malalamiko chini ya sheria hiyo hiyo.

Kipengele kimoja husahauliwa kwa sababu kiko mbali mno, nacho ni makabidhiano. Mwaka wa 25 mtambo unarudi kwa kaunti. Vichujio vya maji ya bahari hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa na si rahisi kwa bei. Pampu huliwa na chumvi. Mwekezaji aliyebakisha miaka miwili hana sababu ya kununua vipya asipolazimishwa. Basi mkataba useme mapema kwamba miaka mitano kabla ya mwisho wakaguzi huru waingie, gharama zikiwa za mwekezaji, na kuanzia hapo sehemu ya mapato yake iwekwe kwenye akaunti ya ukarabati ambayo hawezi kuigusa mpaka kaunti ipokee mtambo unaotoa zile mita 2,000 kwa siku.