Skrini ya Kuingilia katika Linux: Ni Nini, na kwa Nini Hugoma Kuanza

Msimamizi wa onyesho (display manager) ni programu inayoleta skrini ya kuingilia; hufanya kazi kati ya kuwaka kwa kompyuta na kufunguka kwa eneokazi (desktop). Ndiyo inayoanzisha seva ya picha, inayoonyesha majina ya watumiaji na kisanduku cha nywila, na inayomfungulia mtumiaji eneokazi lake nywila ikishakubaliwa. Programu za aina hii ni za zamani, kwani XDM ilitoka mwaka 1988 pamoja na toleo la tatu la X11, mfumo wa kuonyesha picha na madirisha kwenye skrini. Zinazotumika sana leo, yaani GDM ya eneokazi la GNOME, SDDM ya eneokazi la KDE Plasma na LightDM, zinafanya kazi ileile kwa sura ya kupendeza zaidi.

Wengi hawatambui kwamba programu hiyo ni huduma moja tu miongoni mwa huduma nyingi za mfumo. Ni kama askari wa geti: asipofika kazini, wageni watakwama nje, lakini nyumba na vyombo vilivyomo viko palepale. Ndiyo maana namwona ana haraka mno fundi anayeshauri mfumo usakinishwe upya kwa sababu tu skrini imebaki nyeusi. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, linazidi jigabaiti 5, na kwa mtu wa Arua au Mbale anayenunua bando la siku moja moja, hiyo si gharama ndogo, achilia mbali nyaraka zinazoweza kufutika.

Hatua ya kwanza ni kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Yakitokea maandishi yanayoomba jina la mtumiaji, mfumo wenyewe ni mzima na kilichoanguka ni sehemu ya picha. Ukishaingia, andika `systemctl status display-manager` uone kama huduma inafanya kazi au imeshindwa, kisha `journalctl -b -u display-manager` usome katika kumbukumbu za mfumo (log) ilichokilalamikia tangu kompyuta ilipowashwa. Ikiwa mfumo unadai kwamba huduma hiyo haipo kabisa, huenda iliondolewa pamoja na programu nyingine, au hakuna iliyoteuliwa.

Kabla ya kuzama katika kumbukumbu hizo, andika `df -h`. Mstari wa diski kuu ukionyesha asilimia 100, huenda umekwisha kumpata mchawi, kwa kuwa msimamizi wa onyesho huhitaji kuandika faili ndogo ndogo ili aanze, na mahali pa kuziandikia hapapo. Amri ya `sudo apt clean` (`sudo` huipa amri mamlaka ya mtumiaji mkuu) hufuta nakala zilizopakuliwa za vifurushi, yaani mafaili ya kusakinishia programu, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hupunguza kumbukumbu za mfumo zilizorundikana; mara nyingi nafasi inayopatikana hutosha kurudisha skrini.

Kwetu Uganda kuna chanzo kingine kisichopaswa kupuuzwa, nacho ni umeme kukatika katikati ya usasishaji. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo na kuacha vifurushi vikiwa nusu vimesakinishwa, pengine vikiwamo vya draiva ya kadi ya picha au vya msimamizi wa onyesho mwenyewe. Kwenye Ubuntu, Debian na Mint, amri ya `sudo dpkg --configure -a` hukamilisha kazi iliyokatizwa, na kwa kawaida haihitaji intaneti, kwa sababu vifurushi vilikuwa vimeshapakuliwa.

Ikiwa hata Ctrl, Alt na F3 hazileti kitu, shuku draiva, hasa kwenye mashine yenye kadi ya NVIDIA iliyotoka kupata kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo. Washa upya, ingia katika GRUB, menyu inayotangulia kuanza kwa mfumo, na uchague kerneli ya awali. Au bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, kisha bonyeza Ctrl na X. Badiliko hilo hudumu kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo halina hatari, ingawa picha zitakuwa nzito mpaka draiva irekebishwe.

Hali moja hufananishwa na hizi bila kuwa sawa nazo: skrini inatokea, nywila inakubaliwa, kisha unarudishwa palepale pa kuandika nywila. Hapo msimamizi wa onyesho ameanza vizuri, na kilichokwama ni eneokazi la mtumiaji huyo. Katika mfumo unaotumia X11, andika `ls -l ~/.Xauthority` kwenye skrini ya maandishi. Ukikuta faili hilo ni mali ya `root` (mtumiaji mkuu wa mfumo), jambo linaloweza kutokea mtu anapoendesha programu ya picha kwa `sudo`, lirudishe kwa mwenyewe kwa `sudo chown $USER: ~/.Xauthority`, kisha urudi kwenye skrini ya kuingilia na ujaribu tena.