Umeme Ukikatika, Nyutro ya Inveta Yako Imefungwa Wapi?

Kila ninapoitwa kukagua betri ya nyumbani hapa Unguja, naanza na ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Jibu ninalopewa sana ni kwamba betri imechimbiwa rodi yake ya ethi peke yake. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Radi ikipiga karibu, rodi mbili zisizounganishwa hupanda volti tofauti, na aliyeshika kasha la inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani) huku na bomba la chuma kule, mkondo unampitia yeye. Kasha la inveta, raki ya betri na fremu za sola vyote vifungwe kwenye baa moja ya ethi. Rangi ya raki ikwanguliwe kabla ya kukaza nati, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Dole na Kizimbani udongo ni mwingi, rodi inazama. Makunduchi au Jambiani unagonga kidogo tu, unakuta jiwe la matumbawe, kavu, lisilopitisha umeme vizuri. Nyumba inayotegemea rodi yenye ukinzani wa omu 100, umeme wa volti 230 ukigusa mwili wa friji, ardhini zitapita ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 16 haitajua kama kuna jambo. Kwa hiyo RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, ni lazima.

Nayo RCD ina sharti lake. Umeme wa ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, ukikatika, inveta huitenga nyumba na laini ya Shirika, na nyutro, waya wa kurudishia umeme, inaachana na ethi ya kule kwenye transfoma. Inveta isipoifunga upya nyutro na ethi, umeme uliovuja hauna njia ya kurudi, na RCD hukaa kimya. Kazi hiyo ya kuzifunga hufanywa na rilei, swichi inayojiendesha yenyewe ndani ya inveta. Kwenye baadhi ya inveta haifanyi kazi mpaka fundi aiwashe kwenye mipangilio. Msitie waya wa kudumu badala yake: umeme wa Shirika ukirudi, sehemu ya mkondo wa nyutro itapita kwenye ethi.

Na tafadhali, kitufe cha T, cha kujaribia RCD, kisiwaridhishe. Kinapitisha mkondo baina ya waya wa moto na nyutro humo humo ndani ya RCD, kwa hiyo itaruka hata nyumba isiyo na ethi kabisa. Mimi nazima swichi kuu ya umeme wa ZECO, naacha inveta ibebe nyumba, kisha naweka mita baina ya nyutro na ethi kwenye soketi. Ikisoma karibu na sifuri, sawa. Ikisoma makumi ya volti, au hata nusu ya 230, nyutro inaelea, haikufungwa na ethi, na nyumba hiyo siikabidhi. Halafu naleta kipimo cha RCD, navujisha miliampea 30 kwenye ethi yenyewe, na lazima iruke ndani ya milisekunde 300.