Taazia ni nini, na kwanini siyo sawa na tanzia

Akifariki mtumishi wa umma anayeheshimika, iwe waziri au mwalimu mkuu wa shule ya kata, simu zinajaa maneno matatu ambayo wengi tunayatumia kama kitu kimoja: tanzia, rambirambi, taazia. Mtu anaandika TANZIA kwa herufi kubwa halafu chini anaweka sifa za marehemu ndefuu, mwingine anaandika taazia kumbe anatangaza tu saa ya kuzika na basi litaondokea wapi. Kwenye msiba hakuna anayemsahihisha mwenzake Kiswahili, lakini tofauti ipo na ina maana yake.

Tanzia ni habari ya kifo. Nani kafariki, lini, msiba uko wapi, mazishi lini, basi. Rambirambi ni pole tunayowapa wafiwa, ya mdomo au ya maandishi, na kwetu hata ile hela ya kwenye bahasha au ya kutuma kwa simu tunaiita rambirambi. Taazia ni neno la Kiarabu, asili yake ni kumfariji mfiwa, ila kwenye magazeti yetu limekuja kuwa lile andiko la kumwelezea marehemu, alikuwa nani, alifanya nini, kaacha nini. Wasifu unaosomwa kanisani au uwanjani ni ndugu yake taazia lakini wasifu mara nyingi ni mtiririko tu wa kuzaliwa, kusoma, kuoa, vyeo, kuugua, kufariki. Taazia inatakiwa imrudishe mtu machoni pako.

Chukua Edward Moringe Sokoine. Jioni ya Aprili 12, 1984 Mwalimu Nyerere alitangaza mwenyewe redioni, kwa sauti nzito, kwamba Waziri Mkuu alikuwa anatoka Dodoma kuja Dar es Salaam, gari lake limepata ajali, amefariki dunia. Maneno machache sana. Hiyo ni tanzia. Ajali ilitokea Dakawa, Morogoro, marehemu alikuwa na miaka 45, akazikwa kwao Monduli. Taazia ndiyo imeendelea hadi leo, zaidi ya miaka 40, kila Aprili wazee wanasimulia ile vita yake ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, maduka hayana sabuni wala sukari halafu mali inakutwa imefichwa, na mwaka huohuo aliofariki chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro kikapewa jina lake, SUA tunayoijua.

Na hapa niseme kitu ambacho najua wengine hawakipendi. Tunasema marehemu hasemwi vibaya, sawa, lakini kutomsema vibaya siyo lazima kumpunguzia ukweli. Wakati wa ile vita ya 1983 kuna watu waliokamatwa bila dhamana na bila wakili, zipo familia zinazokumbuka hilo kwa uchungu wake, na taazia ya Sokoine inayoligusa bado ni taazia ya heshima, kwa maoni yangu ni ya heshima zaidi kwa sababu inamchukulia kama mtu aliyebeba maamuzi mazito, siyo picha ya ukutani.

Upande wa serikali kuna utaratibu wake wa kutoa heshima za mwisho: siku za maombolezo, bendera nusu mlingoti, kitabu cha maombolezo, kuaga mwili, na kwa Rais mizinga 21. Magufuli alipofariki Machi 2021 mwili ulizungushwa Dar, Dodoma, Zanzibar, Mwanza hadi Chato, na kuna sehemu watu walitandika kanga zao barabarani gari lipite juu yake. Kanga ile haipo kwenye itifaki yoyote. Mama ameivua mwenyewe mabegani.

Kwa mtumishi wa umma taazia ina uzito wa peke yake kwa sababu kazi aliyofanya ilikuwa yetu sote, alilipwa kwa kodi zetu, kwahiyo wanaofiwa ni pamoja na watu ambao familia yake haiwajui kabisa. Ndiyo maana mimi nikiombwa kusaidia kuandika siendi kwanza kwa bosi wake, naenda kwa dereva, mlinzi, mhudumu wa ofisi, na wale waliokuwa wanapanga foleni mlangoni kwake. Bosi atakupa "alikuwa mchapakazi na mpenda watu", ambayo hata wewe ungeiandika bila kumjua. Mlinzi atakwambia alikuwa anafika saa 12 asubuhi na anasalimia kwa jina.

Niliwahi kuhudhuria mazishi ya nesi mmoja wa zahanati ya kijijini. MC kasoma wasifu, kazaliwa, kasoma, kaajiriwa, kahamishwa mara tatu, kastaafu, watu wametulia tu chini ya turubai wanajipepea na zile karatasi. Mara mama mmoja huku nyuma akaomba kipaza sauti, kamshika mkono binti wa kama miaka 14. Akasema huyu kazaliwa usiku umeme hakuna, mvua kubwa, na marehemu kamzalisha akiwa kabana kitochi chake kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru, na alipomaliza taya lilikuwa limekaza hawezi hata kusema hongera, akawa anatingisha kichwa tu na kucheka. Turubai zima likalia. Mtoto wa marehemu alikuwa ameishika ile karatasi ya wasifu, akaigeuza, akaazima peni kwa aliyekaa jirani, akaanza kuandika upande wa nyuma.