Mtaa wa sanaa huanzia barazani

Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza kuchora ndege na wanyama kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni wengi waliokuwa wakiishi maeneo yale walifika kununua mahitaji yao ya nyumbani. Zilipopata soko akawaita ndugu zake, akawafundisha. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakaanzisha chama chao cha ushirika. Leo, kando ya barabara ya Haile Selassie, picha za Tingatinga bado zinachorwa na kuuzwa mahali pamoja.

Naianza mada hii hapo kwa sababu viongozi wa halmashauri wakitaka ushauri kuhusu mtaa wa sanaa, mara nyingi huja na mchoro wa geti, mnara na ukumbi wa mikutano. Mimi huwaomba kwanza waende Oyster Bay asubuhi ya siku ya kawaida, wakae kwenye benchi watazame.

Rangi ya mafuta haikauki haraka. Kwa hiyo mchoraji hashiki picha moja mpaka iishe. Anapaka rangi ya chini kwenye kadhaa, anaziegesha ukutani, akirudi ya kwanza iko tayari kwa shingo ya twiga, na madoa yatasubiri tena. Katika kusubiri huko ndimo mtaa unamoishi. Kijana anayejifunza amepewa kupaka rangi ya nyuma. Mwingine katumwa kununua brashi. Mama ntilie anajua nani anakula saa ngapi na nani atalipa picha ikiuzwa.

Tuseme picha imeuzwa shilingi 80,000. Humo mna hela ya muuza hadibodi, ya muuza rangi, ya kijana aliyepaka rangi ya nyuma, ya chama, ya chakula na ya nauli. Picha hiyohiyo ikichukuliwa na mtu wa kati ikauzwe kwenye duka la hoteli, huenda bei ikapanda, lakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo haitarudi kwa mama ntilie. Faida ya watu wa kazi moja kukaa pamoja ni kwamba hela hupita mikono mingi kabla ya kuondoka mtaani.

Wapo wanaoogopa kukaa jirani na mshindani. Waende Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, wakaone: mtu anayetaka samaki hufuata mahali penye wauzaji wengi, kwa sababu anajua hatarudi mikono mitupu. Hatari ya kweli iko kwingine. Mmoja akibuni mchoro unaouzika, wiki ijayo umenakiliwa na wengi, na bei inaanguka kwa wote, yeye akiwemo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi yako, hailindi mtindo. Twiga hawezi kuwa wa mtu mmoja. Saini kila kazi, piga picha kabla haijaondoka, weka kumbukumbu ya tarehe na mnunuzi, kisha isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Tamasha nalo lina nafasi yake. Tangu 2004 Sauti za Busara hukusanya watu Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na siku hizo za Februari hoteli, madereva teksi na wauza vyakula wa Forodhani hupata kazi. Ila wanamuziki wanaopanda jukwaani hawakuoteshwa na tamasha. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanza 1905, na tangu 2002 ina chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako kijana anakaa na ala ya nyuzi, udi au kanuni, mwaka mzima. Halmashauri yenye bajeti ndogo, kama lazima ichague, ilipie chumba cha mazoezi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni ardhi. Wasanii hupachangamsha mahali, wateja huja, mwenye nyumba anaona, kodi ya pango inapanda, na wa kwanza kuondoka ni waliopafanya pawe na jina. Kwa hiyo halmashauri ikitenga eneo, iandike mkataba wa miaka mingi na chama chenyewe, si barua ya ruhusa inayofutwa na ofisa anayefuata. Wasanii nao wajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kuunda vikundi vyenye katiba na akaunti. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wachongaji, wafinyanzi na wachoraji wana haki ya kuomba kama wafuga kuku wanavyoomba, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza.

Kabla ya kuchora ramani yoyote, pita mitaani uandike nani tayari anafanya nini na anakaa wapi: msusi wa mikeka, fundi ngoma, kikundi kinachofanyia mazoezi chini ya mwembe. Kisha uwaulize wanachohitaji. Mara nyingi nilipouliza, nilitajiwa paa lisilovuja, choo, na taa ya kufanyia kazi baada ya magharibi.